Mkufu Unaonukia Ukoko

Kila siku saa sita mchana Asumini huzima mashine ya kukatia mawe, huvua miwani, kisha huinusa kazi yake. Vipande vya lava huwa vimepangwa kwenye sinia la bati, naye huviinamia kimoja baada ya kingine, bila haraka, kama mama anayechagua samaki katika soko la Kituku. Jumanne ile sinia lilikuwa na vipande kutoka mtaa wa Birere vilivyonukia mkate, viwili vya Virunga vilivyonukia maharagwe, na kimoja kilichookotwa karibu na uwanja wa ndege, ambacho kilinuka mafuta ya taa. Hicho alikitupa uani. Hakuna bibi harusi anayetaka kunuka kibatari.

Mawe kunuka halikuwa jambo la kuitana majirani. Lava ilipoteremka Goma kutoka mlima Nyiragongo mwaka 2002 ilizifunika nyumba pamoja na majiko yake, na baadhi ya majiko hayo hayakuzimika. Saa ya chakula ikifika, jiwe lililokaa juu ya jiko linalofanya kazi hutoa harufu ya kinachopikwa chini yake. Waashi wanalijua hilo, ndiyo maana hawapendi kuchimba msingi na njaa. Wateja nao wanalijua. Wengine huja karakana ya Asumini pale Katindo wakasema wazi kwamba wanataka hereni za kahawa, na wengine, hasa waliofunga ndoa karibuni, huomba kitu kisichonukia vitunguu.

Asumini ni sonara, na haoni haya kusema kwamba ni sonara hodari. Hatengenezi maua wala mioyo. Pete zake zina umbo la mdomo wa volkano, zimepinda upande mmoja kama mlima wenyewe ulivyopinda, na ndani yake kuna tone la shaba nyekundu. Hereni zake zina mikunjo ile ile ya lava iliyoganda ikiwa inakimbia. Waya wa shaba anausuka juu ya paja, kwa majivu, nyuzi mbili kwa pamoja, namna alivyofundishwa na bibi yake mzaa baba, aliyeitwa nyumbani Koko Ramla, mtu wa Kasongo. Na kwao kulikuwa na desturi moja: kito cha mtu wa familia mwisho wake haukatwi. Ncha ya waya hukunjwa kwa ndani, ili atakayerithi aifungue na kuendelea kusuka. Vya wateja hukatwa.

Siku ya lava Koko Ramla alikuwa jikoni. Alivua bangili yake ya shaba, akaipandisha hadi juu ya kiwiko cha mjukuu wake Asumini, kwa kuwa mkono wa mtoto ulikuwa mwembamba, akawaambia watangulie Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Wali ulikuwa haujakauka, na yeye hakuwa mtu wa kuacha chungu motoni. Wakatangulia. Waliporudi, mtaa wa Murara ulikuwa mweusi na unafuka moshi. Hemedi, baba yake Asumini, alitembea juu ya mawe ya moto hadi soli za viatu zikayeyuka, akipima kwa miguu kutoka kwenye ukuta wa shule uliokuwa umesalia, mpaka akasimama mahali akasema ni hapa. Aliweka alama ya mawe, akaipeleka familia Kasongo kulia msiba kwao. Walipotoka msibani walikuta alama imeondolewa na pamejengwa ukuta.

Ukuta ulikuwa wa Papa Zéphirin, mwuza mafuta. Alikuwa na karatasi zote, kavu na safi. Za Hemedi zilikuwa chini ya lava. Zéphirin alisema kwa adabu kwamba kiwanja cha mzee Hemedi anakikumbuka vizuri sana: kiko chini ya barabara. Wakubwa wa mambo ya viwanja waliyaona maneno hayo kuwa ya busara, kwa sababu barabara haina wa kuidai. Hemedi alibisha mpaka alipokufa, na watu walianza kumwona ni mzee anayependa kubisha.

Kwa hiyo Asumini alitaka jambo moja tu maishani, mbali na kazi nzuri: ijulikane mbele za watu kwamba Koko yuko wapi, na kwamba mahali hapo ni pa baba yake. Miaka yote alipita kando ya ukuta ule saa sita, pua juu. Lakini ndani ya ukuta yalipangwa mapipa ya mazuti, yaani dizeli ya kuuza, na mazuti hayaachii harufu nyingine nafasi.

Jumatano asubuhi Papa Zéphirin alikuja mwenyewe karakana. Nyuma yake alikuwapo msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na mawe meusi yaliyojaa juu yake.

"Mama Asumini, jambo."

"Jambo, Papa Zéphirin. Karibu, ukae."

Alikaa. Alijua Asumini ni binti ya nani, na alitaja jina la marehemu kwa heshima, akasema Hemedi alikuwa muzee wa maana. Hakuwa mtu wa kukunja uso. Tabasamu lake lilikuwa la mtu ambaye mambo yake yamekwisha nyooka.

"Mutoto wangu Chance anaolewa," alisema. "Bwana yake ni wa Bukavu. Sitaki avuke ziwa na bijou ya Dubai, ile kila mutu iko nayo. Nataka avae jiwe ya kwetu. Ya parcelle yangu, kiwanja yangu mwenyewe. Bakwe bajue anatoka wapi."

"Mulichimba wapi?"

"Nyuma ya nyumba. Tunaweka citerne, tanki ya chini."

"Na inanuka nini, saa sita?"

Zéphirin aliigusa pua yake. "Hii? Ilikufaga zamani, juu ya mazuti." Alisema hivyo kwa fahari kidogo, kama askari anayeonyesha kovu.

Walikubaliana juu ya mkufu mpana wa matone ya lava na shaba ya kusuka. Zéphirin alitaka mawe yapakwe vernis ili yang'ae kwenye picha. Asumini alimwambia kwamba lava ina matundu, na matundu ndiyo sura yake. Ukiyaziba, jiwe linafanana na kifungo cha koti. Alisema kwa sauti ya mtu asiyezoea kubishiwa kuhusu mawe, na Zéphirin, aliyeheshimu watu wanaojua biashara yao, akakubali. Akaaga, akaondoka.

Saa sita Asumini alizima mashine na kuvua miwani. Hakuhitaji kuinama. Kwanza kilikuja kitunguu kikikaangwa kwenye mawese, kikawa chekundu, kikakaribia kuwa cheusi. Ikafuata iliki. Kisha, baada ya kitambo, likaja lile jambo ambalo Murara nzima ya zamani ililijua: wali ukishika chini ya chungu, ukiachwa kusudi, ukoko mnene wa rangi ya asali. Koko Ramla hakuwahi kupika wali bila kuunguza. Mume wake alikuwa akipenda ukoko, na alipokufa mume, Koko aliendelea kuunguza kwa heshima yake.

Asumini alilia. Alilia vizuri, bila kujizuia, maana haki ya kulia alikuwa nayo tangu utotoni na hakuwahi kupata pa kuitumia. Kisha akajipangusa kwa kitenge, akaanza kuchagua mawe yenye matundu mazuri.

Aliifanya kazi ile vizuri kuliko zote alizowahi kufanya. Angeweza kuyarudisha mawe. Angeweza pia kwenda Murara siku hiyo hiyo kupiga kelele langoni, na mlinzi angemsikiliza kwa huruma mpaka achoke. Lakini aliona kwamba Papa Zéphirin mwenyewe, kwa mkono wake, ameagiza jiko la Koko litundikwe shingoni mwa binti yake mbele ya Goma nzima, na si kazi ya sonara kumkatalia mteja. Matone aliyapanga kama lava ilivyoshuka: membamba juu, mapana chini, kubwa zaidi likikaa pale shingo inapokutana na kifua. Vipande vidogo vilivyobaki alivishika kwa shaba ya ile bangili aliyoachiwa na Koko. Alifungua ncha ambayo Koko aliikunja kwa ndani, akaendelea kusuka kutoka hapo, akajipatia mkufu wake mwenyewe, mwembamba.

Chance alikuja kujaribu wake siku ya Jumamosi. Alikuwa msichana mrefu, mwenye kucheka haraka. Alisimama mbele ya kioo, akageuza shingo huku na huku, na alikuwa bado anageuza saa sita ilipofika.

Hakucheka tena. Alifumba macho.

"Kwetu kunanukiaga hivi," alisema. "Kila midi, tangu niko mutoto. Papa haisikii. Mama alikuwa anatupatia mukate mukavu, tunakaa nyuma ya nyumba, tunakula na harufu. Nilisema ni harufu ya kwetu tu." Akafumbua macho. "Ni nani anapika?"

"Ni koko wangu," alisema Asumini.

"Koko wako iko kwetu?"

"Iko kwake. Nyinyi ndio muko juu."

Chance alilishika jiwe kubwa kwa vidole viwili. Alikuwa amelelewa na harufu ile kama wengine wanavyolelewa na wimbo, na Asumini, aliyeamka siku hiyo akiwa amejiandaa kumchukia, alishindwa. Alimwonea hata wivu kidogo. Mtoto yule alikuwa amekaa na Koko Ramla miaka ishirini na kitu. Yeye alikaa naye saba.

"Ukitaka, nitengeneze ingine," Asumini alisema. "Na mawe ya Birere. Inanukia mukate, hakuna mutu atasema kitu."

"Hapana. Ni hii nilikomalia nayo, tangu utoto," alisema Chance. "Nitavaa hii. Bakisema, baseme."

Alipoondoka, Asumini aliutazama mwisho wa waya wa mkufu wa Chance, akachukua mkasi, kisha akaurudisha mezani. Aliikunja ncha kwa ndani bila kuikata.

Harusi ilifanyika kwa Papa Zéphirin, baada ya misa. Mahema mawili yalisimamishwa uani, mapipa ya mazuti yalihamishwa kwa sababu ya wageni, na wakwe walikuwa wameshafika kwa meli ya Bukavu wakiwa wamechoka na wamependeza. Asumini alialikwa kama mtengenezaji wa mkufu, akawekwa meza ya mbele. Karibu yake alikaa Mama Nyirakamana, mwimbaji wa kwaya mwenye miaka mingi na sauti ambayo haijapungua. Zamani, kabla ya lava, alikuwa akiuza maziwa Murara, na ua wake ulipakana na ua wa Hemedi. Tangu wakati huo hakuwa ameingia tena mtaa ule, kwa kuwa hakuutambua.

Gari la chakula lilikwama njiani. Saa sita iliwakuta watu wote na njaa.

Harufu ilitoka shingoni mwa Chance, ikapita meza ya wakwe, ikaingia mahemani. Ilitoka pia chini, upande wa citerne, kwa kuwa siku ile hapakuwa na mazuti ya kuizuia. Mazungumzo yalipungua. Watu walimeza mate. Mama Nyirakamana aliinua kidevu, akanusa mara mbili, akasema kwa sauti ile ile ya kwaya:

"Ramla anaunguza tena muchele."

"Si kwa kukosa akili," mzee mmoja alijibu kutoka hema la pili. "Ni juu ya bwana yake. Alipendaga ukoko."

"Basi hapa ni kwa Hemedi."

"Ni kwa Hemedi, kabisa."

Wazee wa Murara ya zamani, ambao hawakuwa wachache, walianza kuupanga mtaa upya wakiwa wamekaa. Jiko likiwa pale, basi mpera ulikuwa hapa, penye gari la bwana harusi. Mlango ulitazama kule. Ua wa Nyirakamana ulipita katikati ya meza ya wakwe, na wakwe wakasogea kidogo kupisha. Mzee wa hema la pili alikokotoa kwa vidole, akaguna, akainuka na kuhamisha kiti chake, kwa sababu alikuwa amekaa msalani.

Asumini alisimama.

"Papa Zéphirin," alisema, "hii harufu ni ya jiko ya koko wangu. Koko wangu iko pale, penye munachimba citerne. Na hapa pote ni parcelle ya papa wangu."

Zéphirin aligeuka. Alimtazama binti yake, aliyekuwa amesimama wima na mkufu wake, hajaufunika kwa mkono wala kwa shela. Aliwatazama wazee. Akavuta hewa kwa pua yake iliyokufa, kwa adabu.

"Nyote munasikia?"

"Tunasikia," wakajibu.

"Basi iko hapa," alisema Zéphirin. "Mimi nilisemaga iko chini ya barabara."

"Ndiyo," alisema Asumini.

"Nilikosea."

"Ulikosea."

Watu walisubiri. Asumini alisubiri pia, na kwa muda ule mfupi alijiona ameshika kwa mikono yote miwili kile ambacho baba yake alikifia. Ilikuwa furaha, wala haina jina lingine. Macho yote yaligeukia meza ya kati, ambako alikaa mkubwa mmoja wa mambo ya viwanja, mtu mnene mwenye suti ya kijivu, rafiki wa nyumba ile. Naye alikuwa amefumba macho akinusa.

"Ni ya Ramla," alisema alipoyafumbua. "Nakubali mbele ya wote. Niko mutoto, nilipitaga hapa nikitoka masomo, alinipatia ukoko kwa mukono." Alikunjua kitambaa, akajipangusa mdomo. "Lakini pua haina cachet."

Wageni walitikisa vichwa. Ilikuwa kweli, pua haina mhuri, na hakuna aliyeweza kulipinga hilo. Hata Mama Nyirakamana alisema kwamba kwa upande wa mhuri bwana mkubwa amesema sawa. Wakati huo gari la chakula liliingia langoni likipiga honi, na watu wakapiga makofi.

Papa Zéphirin alimjia Asumini kwa mikono miwili. Hakuwa na hasira hata chembe. "Mama Asumini, kaa, kula," alisema. "Usijisikie mugeni. Hapa ni kwenu." Walioketi karibu walitabasamu, wakasema huyu baba ana roho nzuri.

Asumini hakukaa. Alikwenda nyuma ya nyumba, akasimama ukingoni mwa shimo la citerne, akasoma dua yake yote bila kuruka neno, mahali penyewe, si kwa kukisia. Kisha akarudi, akala. Wali wa gari ulikuwa mweupe na hauna ukoko.

Baada ya harusi kazi iliongezeka. Mke wa yule mkubwa wa viwanja aliagiza hereni, akasisitiza ziwe za pembe ile ile ya citerne, na Asumini akamtengenezea za Birere. Chance hupiga simu kutoka Bukavu. Anasema shemeji zake wote wanapita nyumbani saa sita, wanakula bugali kwa harufu ya wali, na mama mkwe ameanza kujifunza kuunguza. Siku moja aliuliza ile ncha ya waya iliyokunjwa kwa ndani ni ya nini. Asumini alimweleza. Kutoka upande wa pili wa ziwa Chance akasema kwamba akijaliwa mtoto wa kike, atamleta Katindo afundishwe kusuka.

Citerne ilijengwa mita chache pembeni, kwa heshima. Mapipa ya mazuti yalirudi ukutani. Na Papa Zéphirin, ambaye akisema neno hulitimiza, alitoa amri langoni kwamba Mama Asumini aruhusiwe kuingia kila Ijumaa, mradi awe ametoka kabla gari la mwenye nyumba halijarudi.

Huenda kabla ya sala, saa sita ikikaribia, na mkufu wake mwembamba shingoni. Mlinzi ni mzee aitwaye Mulumeoderhwa, anamjua vizuri, lakini kazi ni kazi.

"Unaenda kuona nani, mama?"

"Koko."

"Leo alianza mapema. Kitunguu imeshakuwa nyekundu."

Anampa kadi ya plastiki yenye kamba, iliyoandikwa VISITEUR, yaani mgeni. Asumini huivaa juu ya mkufu, hurekebisha kamba na shaba kwa vidole vya sonara ili kimoja kisikifunike kingine, kisha huinama na kuingia kwa mlango mdogo, ule wa wageni.